Salamu Kila Behewa

Kufikia Jumatatu ile kompyuta ya shirika la maghala ilikuwa imekwisha kufa mara nne, na mara zote nne ilifia mikononi mwa Kuluthumu. Ndivyo faili lilivyosema, na faili la Bwana Ludovick halikuwa la kubishana nalo. Afisa utawala yule hakuropoka. Kwanza aliandika, kisha akapiga mstari kwa rula, kisha ndipo akafungua mdomo.

Alipoufungua asubuhi hiyo, alisema mashine itapakiwa kwenye pikapu Ijumaa saa sita mchana, irudi Dar es Salaam kwa wafadhili walioitoa. Bahasha yenye orodha ya watu wa kupunguzwa kazini itasafiri humo humo. Na kwa kuwa mashine inaondoka, mpiga chapa aliyepewa kazi ya kuiendesha naye hana tena cha kuendesha. Alilisema hilo kwa upole, kama daktari anayemweleza mtu kwamba mguu utakatwa lakini kiatu atabaki nacho.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino, na mashirika ya umma yalipunguza watu kama mkulima anavyopunguza miche ya uwele. Kuluthumu alizaliwa kwenye milima ya Kondoa. Miche alishang'oa mingi kwa mikono yake, na hakukumbuka hata mmoja alioufanyia kikao kwanza. Miaka kumi na tisa alikuwa amegonga taipureta ya shirika lile. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, nyumba aliyokuwa akijenga Ipagala ilikuwa imefika kwenye lenta, juu kidogo ya madirisha, na binti yake Ikram alikuwa kidato cha tatu. Aliitikia, "Ndiyo, mzee," akarudi mezani kwake, akaitazama mashine chini ya kitambaa chake cha kufuma.

Mimi na wewe, aliiambia kimoyomoyo, bado hatujamalizana.

Jambo moja lilimkera. Mashine haikuwahi kufa mbele ya macho yake. Ilikufa saa nne, wakati watu wako barazani wanakunywa chai. Kila aliporudi alimkuta Bwana Ludovick amesimama na plagi mkononi, kama mtu aliyemkamata nyoka shingoni. Kioo kilikuwa cheusi, alieleza, kwa hiyo alichomoa kuzuia moto. Tangu jokofu la ofisi liungue mwaka juzi, na yeye akaandikishwa maelezo ya kurasa sita, hakuwa na subira na kitu cha umeme kilichonyamaza. Basi Kuluthumu alichomeka tena, na mashine ilitumia karibu saa nzima kujipekua matumbo yake kwa Kiingereza, na ripoti ya mwaka ya shirika ikabaki pale pale.

Jumanne saa nne hakwenda kunywa chai. Hana, mwenzake aliyegonga taipureta upande wa pili wa meza ile ile, alitoka, na chumba kikatulia. Kuluthumu alipakata mikono, akangoja. Dakika ya kumi ilipotimia kioo kikazima chenyewe, kikawa cheusi kama sufuria ya msibani. Alishtuka, kiwiko chake kikagonga panya wa mashine, na ripoti ikarudi papo hapo, ukurasa wa saba, na kijistari chake kikipepesa pale pale alipokiacha.

Akarudia. Mikono mapajani, dakika kumi, giza. Akigusa, mwanga. Alifanya hivyo mara tatu, kama mtu anayemchunguza mgonjwa anayejisingizia.

"Kumbe hufi wewe," akasema. "Unasinzia."

Alikwenda kumweleza Bwana Ludovick. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, hilo hakumnyima, kisha akauliza ni nani aliyeiwasha tena. Kuluthumu akasema ni yeye, aliigusa tu kidogo.

"Basi umeifufua," akasema Bwana Ludovick. "Mimi nazungumzia kufa, Mama Ikram, wewe unaniletea habari za ufufuo." Akaandika kitu kwenye faili, akachukua rula.

Hapo Kuluthumu akajua kwamba lolote atakalomwonyesha kwa mkono wake litahesabiwa kuwa dawa yake mwenyewe. Ilibidi mzee aone peke yake, saa nne, kabla mkono wake haujafika ukutani.

Mchana ule akaanza kuichokonoa mashine. Mwalimu aliyekuja nayo alikuwa amefundisha siku mbili tu: kuchapa, kuhifadhi, kuzima. Kuluthumu alifungua kila mlango uliokubali kufunguka, mpaka akafika palipoandikwa dakika kumi. Juu yake palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza. La kwanza, kwa kamusi ya Ikram aliyokuwa nayo mkobani, lilikuwa kioo. La pili kamusi ilisitasita, ikatoa mwokozi. Hana, ambaye alikuwa ameokoka miaka minne nyuma na neno hilo alilijua, aliinama akatazama, akathibitisha kwamba ndiye.

Gideoni, dereva wa pikapu, aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Kuanzia saa hiyo hakumwita Kuluthumu kwa jina.

"Bwana asifiwe, dada mpendwa," alimsalimu kila alipopita. "Nasikia umeokoka, tena kwa umeme wa mgao."

Kuluthumu alimjibu kwamba mwokozi wa kumwachisha Gideoni pombe ya mtama bado hajatengenezwa kiwandani, na vidole vyake havikutoka kwenye kibodi.

Huyo mwokozi wa kioo alikuwa na sura nyingi. Palichorwa kikompyuta kidogo ndani ya kompyuta, na kila sura aliyoichagua ilicheza mle. Pembeni palikuwa na kitufe: ukikibonyeza, sura inajaa kioo kizima upate kuiona ilivyo kabla hujakubali. Kuluthumu alikipa jina la jikoni, kuonja. Alionja nyota zikimkimbilia usoni, Hana akasema anapata kizunguzungu. Alionja mabomba yaliyojiunga yenyewe huku na huko, akakumbuka bomba la Ipagala ambalo halijatoa tone tangu wiki iliyopita, akayapita. Mwisho kabisa alikuta sura iliyokubali maneno ya mtu mwenyewe, ikayapitisha kiooni kutoka kulia kwenda kushoto. Pale akavuta kiti.

Kuonja kulikuwa na mwiko wake. Panya akitikisika kidogo tu, sura inakimbia kama mwali aliyechunguliwa. Na kila Hana alipogonga taipureta, meza ilitetemeka, panya akatetemeka, maneno yakatoweka. Ndiyo maana mashine haikuwahi kusinzia Hana akiwa kazini. Kuluthumu alimwomba anyamaze dakika mbili. Hana alikuwa na barua kumi na nne za kumaliza, lakini alikunja mikono kama yuko ibadani, akangoja.

Kuluthumu aliandika: USIDHANI MASHINE IMEKUFA, INAPUMZIKA TU. Mara ya kwanza maneno yalipita mbio hata yeye aliyeyaandika hakuyasoma. Akapunguza mwendo, akaonja, akapunguza tena, mpaka yakatembea kama treni ya mizigo pale Gulwe, alikoishi miaka ya mwanzo ya ndoa, mumewe akiwa mtu wa reli. Treni ambayo mtoto angeweza kuihesabu behewa kwa behewa. Kisha herufi. Bwana Ludovick aliacha miwani mezani kwake kila alipotoka, kwa hiyo akazikuza mpaka neno moja likajaza kioo. Jumatano saa nne alikwenda kunywa chai moyo mweupe.

Aliporudi, plagi ilikuwa mkononi mwa mzee.

"Leo imekiri yenyewe," akasema Bwana Ludovick.

Alikuwa ameingia wakati behewa la katikati linapita. IMEKUFA, peke yake, kioo kizima, bila kuhitaji miwani. Hakungoja mengine. Kwenye faili aliandika kwamba mashine imetoa taarifa ya kifo chake.

Hana alicheka mpaka akaomba radhi. Kuluthumu alitoka akaenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu kidogo kuliko unavyohitaji uso mmoja. Aliporudi alichukua karatasi chakavu, akaandika maneno yake moja chini ya jingine, na kila neno akalihoji: ukikutana na mzee yule mlangoni uko peke yako, utamwambia nini? IMEKUFA, nje. HAIJAFA, nusu yake ni msiba, nje. Alitaka kuandika SINZIA, akakumbuka walinzi wawili wa ghala waliopewa barua kwa neno hilo hilo. Alitaka kuandika SOGEZA PANYA, lakini katika shirika la maghala ya nafaka neno panya likionekana peke yake lingeleta sumu kabla ya jioni. Yalibaki machache yasiyo na hatia, lakini hakuna hata moja lenye nguvu ya kuuzuia mkono wa mtu anayeogopa moto.

Neno hilo alilipata Alhamisi asubuhi, kwenye ukumbi wa ofisi. Bwana Ludovick alikuwa anakwenda kukagua ghala la Kibakwe na alikuwa amechelewa, amekasirika, mafaili kwapani, anatembea kama anamfukuza mtu. Mfagizi aliyekuwa ameinama na ndoo akasema, "Shikamoo." Mzee akasimama. Akasimama kwa miguu yote miwili, akahamisha mafaili kwapa la pili, akasema, "Marahaba," kwa sauti ya mtu asiye na haraka yoyote duniani. Kisha akaiokota hasira yake alipoiacha, akaendelea nayo mpaka kwenye gari.

Kuluthumu alibaki ameduwaa ukumbini. Miaka kumi na tisa alikuwa amemwamkia mtu yule kila asubuhi, na hakuwahi kuona kwamba ana breki.

Siku hiyo nzima alionja. Aliandika upya, na kwa kuwa hakujua mzee atakutana na behewa lipi, kila behewa alilipa salamu yake. SHIKAMOO BWANA LUDOVICK. SHIKAMOO. NINAPUMZIKA. SHIKAMOO. GUSA HERUFI YOYOTE. SHIKAMOO. Hana alisema hajawahi kuona mashine yenye adabu hivyo. Lakini mzee alikuwa Kibakwe mpaka jioni, na ikabaki saa nne moja tu, ya Ijumaa.

Ijumaa saa tatu na nusu Hana aliletewa orodha aigonge haraka, iwe tayari saa tano. Majina sita. Alianza bila kumtazama mwenzake. Saa nne ilipofika bado alikuwa anagonga, meza inatetemeka, panya anatetemeka, na kioo kiko macho kabisa. Kuluthumu alisimama.

"Hana, twende tukanywe chai."

"Barua hii inasubiriwa, dada."

"Naijua. Nambari sita ni mimi. Twende tukanywe chai."

Hana alitazama karatasi. Alikuwa ameshagonga nambari, akaweka nukta, jina lilikuwa bado. Aliiacha hivyo hivyo kwenye roleri, akachukua kikombe chake.

Barazani Gideoni alikuwa tayari na funguo za pikapu na kamba ya kufungia mzigo. Alianza kuuliza kama dada mpendwa amekwisha kuiombea mashine safari njema, Hana akamfinya. Kuluthumu alihesabu dakika kwa saa ya mkononi ya Hana. Saba. Tisa. Ya kumi na moja ndipo viatu vya Bwana Ludovick viliposikika vikija ukumbini, vikaingia chumbani, vikasimama.

Hana aliteremsha kikombe chake.

Kisha, kutoka kwenye chumba kisicho na mtu mwingine, sauti ikasema, "Marahaba."

Viatu vikageuka, vikarudi.

"Marahaba," ikasema tena. Na baada ya muda, safari hii kwa mbali ikichoka: "Marahaba, nimekwisha itika."

Gideoni aliweka kamba chini. Ndani pakasikika herufi moja ikibonyezwa, taratibu, halafu ikabonyezwa tena kwa kuhakikisha. Kuluthumu hakuinuka. Alikunywa chai yake mpaka mashapo, kwa sababu kama angeingia sasa, ingekuwa yeye ndiye aliyeifufua.

Walipoingia, Bwana Ludovick alikuwa ameketi kwenye kiti cha Kuluthumu, plagi iko ukutani, ripoti iko mbele yake, ukurasa wa kumi na moja. Hakugeuka.

"Mama Ikram, kwenye neno hili kuna k imezidi. Ni yangu."

"Haidhuru, mzee."

"Inapumzika baada ya muda gani?"

"Dakika kumi, ikiwa haijaguswa."

"Na haifi?"

"Haifi, mzee. Haijafa hata mara moja."

Alifungua faili lake, akatoa rula, akaikata mistari yote minne ya vifo na ule wa kukiri, mmoja baada ya mwingine, akaweka sahihi ndogo pembeni ya kila mmoja. Kisha akaichomoa ile karatasi kwenye taipureta ya Hana, akaitazama nambari sita yenye nukta na hakuna jina, akasema kwamba orodha inaishia tano, na barua ichapwe upya, kwenye mashine hii. Mlangoni alisita, akauliza kama hiyo salamu itakuwa inaendelea. Kuluthumu akasema itaendelea. Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa mashtaka akayakubali.

Barua aliichapa Kuluthumu mwenyewe. Majina matano, yote ya watu aliowafahamu, wawili wao alikwisha kula nao Idi. Gideoni alikuwa amesimama nyuma yake akiingojea bahasha, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alimwita kwa jina. Saa sita pikapu iliondoka, nyuma hakuna kitu isipokuwa kamba.

Kuluthumu aliirudisha ripoti kiooni, akaifuta ile k, akaanza ukurasa wa kumi na mbili.