Mapera ya Fidencio

Upepo wa Oktoba uliung'oa mpera wa marehemu Fidencio. Mapera yake ya mwisho yakabaki kwenye beseni, jikoni kwa mjane wake, Domitila, na Siku ya Wafu, siku moja ya mwaka ambapo marehemu hurudi kula nyumbani, ilikuwa bado mbali. Mwaka huu Fidencio angerudi nyumbani kwa mara ya kwanza kama mgeni. Domitila alitaka akute mezani tunda la mti wake.

"Mji mzima wa Calvillo umejaa mapera, wifi," alisema Hermila, dada wa marehemu. "Nenda sokoni."

"Ya sokoni kayapanda yeye?"

Hermila, ambaye kazi yake ilikuwa kufungasha matunda ghalani, alikuna kichwa. "Basi yapake ute wa mpungate, dungusi hilohilo tunalopika mboga. Ukikauka, tunda linakuwa kama limevaa ngozi ya pili. Na unalila hivyohivyo."

Domitila alikatakata mpungate, akauchemsha kwa kitunguu na magadi, akachovya mapera machache. Hermila aliporudi alifunua sufuria.

"Wifi, hii dawa au mboga?"

Ndipo Domitila aliposhtuka. Kitunguu na magadi ni vya kukata ute, maana hakuna anayetaka mboga inayovutika. Mikono ilikuwa imejiendea yenyewe.

"Haya uliyochovya mtilie na pilipili," Hermila alisema. "Kaka alikuwa hachagui."

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Safari hii aliuloweka mpungate mbichi kwenye maji baridi, akachuja kwa kitambaa, akachovya mapera, akayaanika kivulini. Machache aliyaacha vilevile makusudi, apate kuona. Kila asubuhi aliyabonyeza kwa kidole. Yasiyopakwa yalilegea, yakaota madoa, yakanukia nyumba nzima. Yaliyopakwa yalibaki magumu, ya manjano safi.

"Kwani ute unayafanya nini?" Domitila aliuliza.

"Tunda linapumua, wifi, hata likishachumwa. Ute unalibana pumzi, kwa hiyo linazeeka polepole."

Domitila aliliweka moja sikioni.

Siku ilipofika waliandaa meza: picha, maji, chumvi, mkate, maua ya manjano, na mapera katikati, mazuri kama yamechumwa leo. Hermila aliinama.

"Hayanukii."

Domitila naye akainama. Kweli, hayakuwa na harufu. Marehemu hatafuni. Anakula harufu, na harufu ndiyo inayomwonyesha mlango. Ute uliolihifadhi tunda ndio uliolifunga mdomo.

Domitila alichukua kisu, akachagua lililo zuri kuliko yote. Kisha akalipasua. Harufu ikatoka kwa nguvu, tamu na kali kidogo, ikatangulia hadi kizingitini.

Akachukua la pili.

"Ukiyakata yote hayatafika kesho kutwa," Hermila alisema.

"Kesho kutwa atakuwa ameshaondoka," alijibu Domitila, akaendelea kukata.