Matawi Mabichi

Martha alirudi Mgori akitokea Ikungi, alikokaa mwezi mzima akimhudumia binti yake aliyejifungua. Hakuingia hata ndani. Alipitiliza nyuma ya nyumba kwenye miiba yake, akakuta matawi makavu yamesimama na mabichi yote yamekatwa.

Miaka minne nyuma, alipoitoa ile miiba msituni na kuipanda shambani, kijiji kizima kilimcheka. Nani mwenye akili zake anapanda miiba? Kisha wakaonja vile vitunda vyeusi ndani ya maziwa ya mgando, na waliocheka ndio waliotangulia kuleta bakuli. Sasa Catherine, mtengeneza jemu wa Singida mjini, alikuwa amesema atakuja kuchagua mkulima mmoja wa kumpelekea matunda msimu ujao. Martha hakuwa na shaka atakuwa nani.

Tawi la miiba hiyo huchipua mwaka huu, huzaa mwaka unaofuata, kisha hufa. Ukikata bichi, mwakani huna tunda. Kazi ya kupogoa aliachiwa Witness, mke wa mdogo wake Eliya, na Witness hakuwa mgeni wa kazi. Martha mwenyewe ndiye aliyemwonyesha kuinamisha ncha ya tawi na kuifukia mpaka iote mizizi. Miche yote ya Witness ilitoka hapo hapo.

Akamfuata kwake.

"Wifi, umekata mabichi."

"Jamani, wifi. Nilichanganya."

Martha akatupa macho uani. Makavu yalikuwa yamekatwa mpaka chini. Mabichi yamefungwa kwenye nguzo kwa vitambaa, moja moja, na hakuna hata moja lililokosewa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na huyu Martha alimweka humo mwenyewe.

"Huku kwako hukuchanganya."

Witness akainama, akaokota kijiti, akakitupa.

"Catherine alipita juzi," akasema. "Aliona kwako, akaona na huku. Amechagua huku. Ila usijali, wifi, msimu ukifika utakuja unisaidie kuchuma. Wewe mikono yako imeshazoea miiba."

"Haya, wifi," Martha akaitikia, kwa mazoea tu, kama anavyomwitikia siku zote. Alikuwa keshafika njiani ndipo akasikia alichokiitikia, na hapo ndipo alipolia.