Safu ya Kutoka

Barua ilikuwa na aya tatu tu, na Waithira alikuwa ameisoma mpaka akaijua kama sala. Kikao cha nidhamu ni Jumatatu, tarehe kumi na saba Machi, saa nne asubuhi. Mhusika aeleze kwa maandishi kwa nini asifutwe kazi. Anaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzake mmoja wa kumtetea. Hiyo aya ya tatu ndiyo iliyomtesa, maana aliyeweza kumtetea alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo huyo ambaye Waithira hakuweza kumtaja.

Alikuwa mtunza ghala wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima mjini Eldoret, mwaka wa kumi na moja sasa. Mlango wa ghala ulikuwa na kufuli mbili kwa nje, moja yake na nyingine ya Mzee Kigen, askari wa lango, ili asiingie mtu bila mwenzake kujua. Ndani, kando ya mlango, kulining'inia daftari lenye jalada jeusi. Mtunza ghala akiingia huandika tarehe, saa na sahihi; akitoka hujaza safu ya mwisho. Waithira alikuwa mkali kwa daftari hilo kuliko alivyokuwa kwa watoto wake, na watoto wake hawakuwa wakidekezwa.

Ukali huo ndio uliomponza. Siku ya mwisho ya Desemba 2007, matokeo ya kura yakiwa hayajamaliza hata siku moja, alitoka mtaani kwake Huruma mbio na watoto wawili, mmoja mgongoni, mwingine, Warigia, mkononi, nyumba za majirani wa kabila lake zikiwaka nyuma yake. Miguu haikumpeleka kanisani wala polisi. Ilimpeleka kazini. Mzee Kigen alifungua lango bila kuuliza kitu, akachukua ufunguo wa Waithira pamoja na wake mwenyewe, akafungua kufuli zote mbili na kumsukuma ndani. Na Waithira, mtoto akimlilia mgongoni, akasimama pale mlangoni akatia sahihi. Kuingia: saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Akili ilipomrudia alikuwa keshajibanza nyuma ya magunia ya mbolea, na kufuli zilikuwa zimefungwa kwa nje.

Kesho yake mchana vijana wa kabila la mzee, wale waliokuwa wakichoma nyumba, walikuja. Walisikia kuna mtu amefichwa, wakataka ghala lifunguliwe. Mzee Kigen aliwaambia humo mna mbolea ya baba zao tu, nao wakakataa kuondoka. Mwishowe akafungua, akawaonyesha mapipa mawili ya petroli ya mashine za kupukuchua mahindi, yaliyokuwa hapo hapo mlangoni, akawaambia wachukue waende zao. Waithira aliyasikia mapipa yakibingirishwa juu ya saruji, kiganja chake kikiwa kinywani mwa mtoto. Alfajiri ya tarehe mbili mzee aliwatoa, akamrudishia Waithira ufunguo wake, akawasindikiza hadi kituo cha polisi. Tangu siku hiyo kuna swali ambalo Waithira hulikimbia kila likimjia: petroli ile iliyomkomboa yeye, ilichoma nyumba ya nani?

Februari meneja, Nicanor, akafungua ghala. Mapipa hayapo, kufuli nzima, na daftarini sahihi moja isiyo na saa ya kutoka. Hesabu yake ikawa rahisi: mama huyu alikuja siku ambayo kiwanja kilikuwa kitupu, akauza petroli, akatoroka. Mzee Kigen alipoulizwa, hofu ilimshika, akaandika kwamba siku hizo alikuwa kwake Kiplombe na ufunguo aliuacha kwenye msumari wa kibanda. Habari haina mguu lakini hutembea. Ikafika hadi uwanja wa maonyesho, kwenye kambi ya waliokimbia makwao alikoishi sasa, na wanawake waliokuwa wakichota maji na Waithira wakaanza kunyamaza akikaribia. Walisema ndiye aliyewauzia wachomaji mafuta.

Jumamosi aliketi hemani na Mwalimu Githinji, jirani yake wa hema la pili, ambaye miaka mingi alikuwa mwakilishi wa chama cha walimu na alizijua barua za aina hii.

"Andika ukweli," mwalimu alisema. "Andika ulijificha humo ndani. Nani atakulaumu kwa kujificha?"

"Watauliza nani alifunga."

"Sema ulijifungia mwenyewe."

"Kufuli ziko nje, Mwalimu."

Githinji akaweka kalamu chini. "Basi kuna mtu."

"Hakuna mtu," Waithira alijibu haraka mno. Mwalimu hakumshinikiza, na karatasi ikabaki nyeupe.

Jumapili alasiri Mzee Kigen akaja mwenyewe, amesimama upande wa pili wa ua wa waya wa kambi na chupa ya maziwa, kofia imevutwa hadi machoni. Waithira alimwendea.

"Mama Warigia, nimesikia ni kesho."

"Ni kesho, Mzee."

"Mimi niliandika uongo. Niliogopa." Akapitisha chupa kwenye waya. "Wewe sema tu vile ilikuwa. Mimi siwezi kataa."

"Na wale vijana?"

"Wale wananijua. Wameanza kuniuliza yale mapipa yalikuwa bei ya nini."

"Na polisi wakikuuliza petroli ulimpa nani?"

Mzee aliinua mabega. "Niko na bibi na watoto watano. Lakini nikiulizwa, siwezi kataa."

Waithira alirudi hemani na hasira iliyomshangaza. Laiti mzee angemwomba anyamaze. Angemwona mwoga, angesema yote, angerudi kazini na kulala usingizi. Lakini amempa ruhusa, na ruhusa ile ilikuwa kufuli ya tatu. Fadhila ya punda ni mateke, wahenga walisema, na yeye hakuwa punda. Ila watoto watakula nini? Alilia kidogo, akachukua kalamu, akaandika mistari mitatu. Niliingia. Sahihi ni yangu. Sikuuza petroli.

Kikaoni walikuwa wanne nyuma ya meza, na Mzee Kigen mlangoni, tayari kuitwa. Nicanor aliisoma ile mistari, akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi.

"Umekuja na mwenzako?"

"Hapana."

"Mapipa yalichukuliwa na nani?"

Waithira alilitazama daftari jeusi lililoletwa mezani. Waliuliza tena, kwa upole, kisha bila upole. Ukimya wake ulimkera hata yeye mwenyewe.

"Mama Waithira, mara ya mwisho," Nicanor alisema, akiligonga daftari kwa kidole. "Siku hiyo ulitoka saa ngapi?"

Pale mlangoni Mzee Kigen akakohoa, akavua kofia. "Bwana Meneja, hiyo mimi naweza..."

"Ngoja, Mzee," Waithira alisema. "Nimeulizwa mimi."

Alivuta daftari, akafungua ukurasa wa Desemba, akatazama saa ya ukutani. Katika safu ya kutoka, mbele ya sahihi yake iliyotetemeka, akaandika: 17 Machi 2008, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Akatia sahihi nyingine, hii imenyooka, kisha akaweka ufunguo wake juu ya ukurasa.

Nicanor alisoma mara mbili. "Hii ni nini sasa?"

"Ndiyo saa niliyotoka."

Wakamwandikia barua ya kuachishwa kazi hapo hapo, naye akaitia sahihi bila kuisoma. Alipofika uani, Mzee Kigen alikuwa amemtangulia, kofia mkononi, macho yamejaa machozi. Akamfungulia lango, na safari hii pia hakuuliza kitu.