Datsun ya Marehemu Thani

Marehemu ndugu yangu Thani alizoea kulikimbiza gari lake la mashindano, Datsun jekundu, katika barabara ya Igalula. Sasa mjukuu wangu Qais amelifungia gerejini, akingoja bei ipande ng'ambo.

Zeyana, mjane wa Thani, aliomba alisikie likinguruma mara moja kabla halijauzwa.

“Bibi, likiwashwa linachakaa,” Qais alimjibu. “Hata betri nimeiondoa.”

“Basi unafuga jeneza, mjukuu wangu.”

Mimi siamini mizimu. Hata hivyo, alasiri ile sote watatu tulisikia mngurumo ukitokea Igalula. Zeyana akajitanda mtandio, akaenda kumfungulia mumewe mlango. Qais akakimbilia gerejini, akarudi akihema.

“Alhamdulillahi,” alisema, “halijasogea.”

Zeyana hakugeuka. Alikuwa akiitabasamia barabara tupu.