Picha Iliyopigwa Kutoka Sakafuni

Mjomba wangu ana karatasi ya kanuni saba aliyoibandika ukutani mwa studio kabla mimi sijazaliwa, na gundi yake imeshageuka rangi ya chai. Kamera iwe usawa wa macho ya mteja. Dirisha lifungwe, mwanga utoke kwenye taa zetu. Kichwa kionekane chote, na masikio yote mawili, kwa sababu mteja amekuja nayo yote. Na kuliko zote, kidevu juu. Hiyo ameisema mara nyingi mpaka mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Yeye ni Kidevu Juu, mkewe ni Mke wa Kidevu Juu, na mimi, baada ya miaka sita ya kufanya kazi naye, ni Mpwa wa Kidevu Juu, nimeshanuna mpaka nimechoka.

Kanuni zenyewe sizidharau, ndizo zilizonifundisha kazi. Lakini vidole vilikuwa vinaniwasha. Watu wanaingia wakicheka na nyuso zao wenyewe, wanakalishwa kwenye stuli, wanaambiwa kidevu juu, na wanatoka na picha ya mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Mjomba anaiita hiyo heshima. Mimi nilikuwa naiita majina mengine, kimoyomoyo, kwa sababu mshahara unatoka kwake.

Ndipo Mama Sukuma akaja mara ya tatu.

Huyu ni mkunga wa wodi ya wazazi, miaka thelathini na sita kazini, na jina hilo alipewa na wanawake waliolisikia neno lenyewe kutoka kinywani mwake saa ambayo hawakutaka kulisikia. Nusu ya mtaa wetu tumepita mikononi mwake. Mama yangu hupenda kunikumbusha kwamba mtu wa kwanza niliyemwona duniani si yeye aliyenizaa, na analisema kwa wivu kidogo mpaka leo. Ijumaa ile Mama Sukuma alikuwa anastaafu, na hospitali ilikuwa imeamua kutundika picha yake kubwa wodini. Picha pekee waliyokuwa nayo ni ya kitambulisho cha kazi, na humo anaonekana kama anakwenda kumkamata mtu.

Mjomba alishampiga picha mara mbili, na mara zote mbili tuliitupa kazi. Mwanamke ambaye kicheko chake hufika mwisho wa korido kabla yake, akikaa mbele ya kamera anafungwa kama duka. Midomo inakaza, macho yanaganda. Jumatano ya wiki hiyo, alipokuja mara ya tatu, Mjomba alikuwa amekwenda kupiga picha za madarasa kwenye shule moja, nikabaki na Mama Sukuma mimi peke yangu.

"Mwanangu, hii ndiyo ya mwisho," aliniambia akijiweka kwenye stuli. "Ikishindikana, watundike kalenda. Sitaki watu wapite pale kila siku wakiambiwa huyu ndiye yeye, na wala siye mimi."

Alilisema kwa utani, lakini mikono aliibana katikati ya magoti. Nikaona kwamba anaogopa. Kumbe hata yeye anaogopa kitu. Miaka yote ile, usiku na mchana, halafu abaki ukutani na uso wa askari. Nikaona uchungu, na papo hapo nikapata hasira na ile stuli.

Nilianza kwa kanuni zote, nisije nikasemwa. Dirisha limefungwa, taa mbili, kamera usawa wa macho. Nilipiga ishirini na zaidi, na ishirini na zaidi zilikuwa zimekufa. Nikamwambia afikirie jambo la furaha. Akafikiria kwa bidii hadi akakunja uso. Nikatania, akacheka, nikainua kamera, kicheko kikakimbia. Katika kuhangaika huko kifuniko cha lenzi kikaniponyoka, kikabingirika mpaka chini ya kabati la mapazia. Nikalala chali, nikaingiza mkono, nikaingiza na bega, na wakati wa kutoka nikajigonga paji la uso kwenye ukingo wa kabati. Mlio wake ulisikika.

Nilipofumbua macho, Mama Sukuma alikuwa ameniinamia.

Sijui niseme vipi. Uso ule ulikuwa umefunguka wote. Nyusi juu, mdomo umeachana kidogo, mashavu yameshuka mbele kwa uzito wake, macho makubwa, yananitafuta mimi tu. Na mikono miwili ilikuwa imeshatangulia mbele, kana kwamba nitamdondokea. Siwezi kudai kwamba niliukumbuka uso huo, hakuna anayekumbuka. Ila nilisahau maumivu, nikasahau na kifuniko.

Nikamwomba asiondoke hapo. Yeye akafikiri nimeumia vibaya, akataka kunitazama mboni za macho. Nikamuuliza, nikiwa bado nimelala, kama mtoto akizaliwa humwinamia hivyo hivyo. Akasema ndiyo, ataachaje. Unamlaza, unamfuta, unamwinamia umkague. Nikamuuliza mtoto anaona nini. Akasema mtoto haoni mbali, anaona kiasi cha kutoka kiganja chako mpaka kiwiko, basi, na hapo ndipo mtu unapoweka uso wako. Nikamuuliza humwambia nini. Hapo akaona haya. Mtu aliyewapigia kelele mama zetu wote akaona haya, akaangalia pembeni, akasema ni maneno yake tu ya kijinga.

Basi nikainuka kwa pupa hata nikapata kizunguzungu. Nikafungua pazia la dirisha, jua la alasiri likaingia lote. Nikazima taa zote mbili. Stuli nikaisukuma kwa mguu, na niliisukuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikatandika sakafuni kile kitambaa kinachotundikwa nyuma ya wateja, nikalala chali na kamera kifuani, dirisha likiwa nyuma ya kichwa chake. Hesabu ya kanuni nilizokuwa nazivunja niliiacha kwenye tatu, kwa sababu furaha haikuniacha niendelee kuhesabu. Nikapima kutoka kiganja mpaka kiwiko. Kwa umbali huo nywele za utosini zilibaki nje ya picha, na masikio yakawa ukungu.

Nikamwambia, "Mama, mimi ndiyo nimetoka sasa hivi. Nipokee."

Alicheka mpaka akashika kabati. Aliniambia nimekuwa mkubwa mno, angehitaji wakunga watatu. Halafu akaniinamia, kicheko kikiwa bado kinamalizikia mashavuni, na sauti ikashuka, ikawa ndogo, ya mtu na mtu.

"Umefika, mwanangu," akasema. "Pumua tu. Mwanga utauzoea."

Nikabonyeza. Nilibonyeza mara nne lakini niliijua ile ya pili palepale, nikapiga visigino sakafuni kwa raha.

Alipoiona kwenye kioo cha kamera, nikiwa nimeishika juu yetu na sote wawili tumekaa chini, aliugusa uso ule kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, "Huyu namjua," akachukua mkoba wake, akatoka haraka, akisahau hata kuniaga.

Mjomba aliporudi nilimwonyesha kabla hajaweka begi chini. Nilikuwa najiona nimepasua mwamba. Yeye akavaa miwani, akaitazama, akavua miwani.

"Umepiga matundu ya pua," akasema.

Na hakuishia hapo. Jua liko nyuma, kichwa kimekatwa, masikio yako wapi, na kamera imewekwa mahali pa viatu. Nikamjibu kwamba huyo ndiye Mama Sukuma tuliyemtafuta mara tatu, na mwenyewe ameikubali. Tukarushiana maneno mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuchungulia. Mwishowe Mjomba akasema ataichapa kubwa, kwa kuwa mteja ndiye mwenye uso, lakini mhuri wa studio hataugonga. Kila picha inayotoka kwetu hugongwa mhuri nyuma. Tangu studio ifunguliwe hakuna iliyotoka bila mhuri, na ya kwanza ikawa yangu. Niliuma meno, nikasema haya.

Ijumaa tulikuta picha imeshatundikwa koridoni mwa wodi, katikati ya saa ya ukutani na tangazo la kunawa mikono, usawa wa macho, imefunikwa shuka. Wauguzi walikuwepo, madaktari wawili, kinamama waliozaliwa mikononi mwake na wengine waliozalia humo. Mama Sukuma alisimama mbele amevaa gauni jipya. Muuguzi mkuu akasema maneno yake mazuri, akavuta shuka.

Nyuma kabisa mtu akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Nami nikaona. Pale ukutani Mama Sukuma alikuwa anatuangukia. Matundu ya pua yalikuwa mbele kama alivyosema Mjomba, kidevu kimejaa, na mikono yake, ambayo sakafuni ilinipokea, hapa ilionekana kama inataka kumsukuma mtu. Ilikuwa picha ileile, na sikuelewa imeharibikia wapi. Muuguzi mkuu, kwa adabu zote, akasema kwamba labda kwa sasa wangeweka ile ya kitambulisho, na hii waitafutie mahali. Nikamtazama Mama Sukuma. Uso ulikuwa umeshafungwa. Alikuwa amekaa kwenye stuli tena, ingawa alikuwa amesimama. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze, maana mimi ndiye niliyemfungua halafu nikamwanika.

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anaitazama picha. Halafu, mbele ya watu wote, na suti yake na magoti yake mabovu, akachuchumaa. Akaitazama kutoka huko chini. Akainuka akishika ukuta, akaishusha picha, akailaza hewani juu ya kichwa chake, uso ukiangalia chini, akainua macho. Alikaa hivyo mpaka mikono ikachoka.

"Mpwa wangu," akasema, "picha haina kosa. Kosa ni msumari. Wewe ulikuwa umelala, sisi umetusimamisha."

Mimi! Miaka sita kwenye kazi hii, na nilikuwa nimefikiria mahali pa kamera tu, nikasahau kabisa mahali pa mtazamaji. Nilipiga kelele ya furaha, nikaziba mdomo, kwa kuwa ni hospitali. Nikauliza ni wapi humu ndani watu hulala chali na macho wazi.

Muuguzi mkuu ndiye aliyejibu, tena bila kufikiri. Chumba cha kujifungulia, kitanda cha dirishani. Alisema yeye mwenyewe amezalia hapo mara mbili, na mara zote mbili alikesha na doa la maji lililoko kwenye dari. Wanawake watatu wakasema kwa pamoja kwamba wanalijua doa hilo, mmoja akasema linafanana na mguu wa bata, mwingine akabisha. Muuguzi mkuu akaagiza ngazi iletwe.

Chumba kilikuwa kitupu, kimedekiwa. Fundi wa hospitali akapanda na bisibisi. Kabla Mjomba hajampandishia picha, aliigeuza kifudifudi juu ya meza ya vifaa, akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa mhuri na kidau chake cha wino. Kumbe alikuja nao. Akaugonga katikati ya mgongo wa picha, akaukandamiza kwa kiganja, mahali ambapo kuanzia leo hautasomwa na mtu yeyote. Nikampokea kidau, nikakifunga.

Fundi aliposhuka, doa lilikuwa limefunikwa lote. Watu wakawa wanakunja shingo kutazama, na bado haikukaa vizuri, kwa sababu tulikuwa wima. Nikamwambia Mama Sukuma apande kitandani.

Akakataa. Alisema kitanda hicho amekitandika maelfu ya mara na hajawahi kukilalia, na si leo atakapoanza kuwachekesha watu. Mjomba akampa mkono, kama mtu anayemsindikiza mgeni wa heshima. Akavua viatu, akavipanga, akapanda, akalala, gauni jipya na yote. Akafumbua macho.

Juu yake, kwa mwanga wa dirisha, palikuwa na mwanamke amemwinamia, nyusi juu, mikono mbele, anamtafuta yeye tu. Hakuna aliyekohoa. Niliona midomo ya Mama Sukuma ikisogea bila sauti, na maneno niliyajua.

"Kumbe hivi ndivyo mlivyokuwa mnaniona," akasema baadaye. Machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni, na uso ulikuwa wazi, wote.

Kamera ilikuwa shingoni mwangu, nikainua. Mjomba, kwa mazoea ya miaka arobaini, akafungua mdomo amwambie kidevu juu. Nikamwona anaufunga. Kidevu kilikuwa juu tayari.