Sungura na Viwanja Mia

Sungura aliyechinjwa barazani kwa fundi Bakili hakuwa na kosa lolote, isipokuwa kwamba alitajwa katika Biblia.

Mwaka ule wa 1956 watu wa Dar es Salaam walikuwa na siasa zao Mnazi Mmoja, na aliyezitaka alizifuata huko. Lakini Kariakoo, Mtaa wa Nyamwezi, kila Jumamosi baada ya ofisi kufungwa, watu walijazana barazani kwa fundi Bakili kusikiliza ubishi wa mashemeji wawili. Fundi alikuwa Mwislamu wa Lindi, mshona kanzu, na kwa kuwa hakuwa wa upande wowote alifanywa mwamuzi. Mtu akipayuka kabla ya zamu yake, fundi aligonga mkasi kwenye chuma cha cherehani, na mpayukaji akanywea.

Shemeji wa kwanza alikuwa Elieshi, Mlutheri wa Machame, karani wa ghala la kahawa na mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye sauti tamu na Biblia iliyofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Wa pili alikuwa Tarsis, wa Kibosho. Huyu alilelewa na mapadri, akatumikia misa kwa Kilatini, kisha akaja mjini akapata kazi ya kupima magonjwa hospitalini. Miaka sita ya kuinamia darubini ikamtosha kutangaza kwamba Mungu hayupo, na alitangaza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ushemeji wao ulitokana na Euphrasia, mke wa Elieshi, ambaye alikuwa dada wa ukoo wa Tarsis. Kila Jumapili Tarsis alikwenda kwao Ilala kula mtori wa ndizi. Mungu hakumwamini, lakini mtori wa Euphrasia aliuamini kwa moyo wote.

Ubishi wa sungura ulianzia kwenye kitabu cha Walawi, panaposemwa kwamba sungura hucheua.

"Hacheui," alisema Tarsis. "Kitabu chako kimekosea."

"Mtazame mdomo wake, shemeji. Unatulia hata dakika moja?"

"Mdomo wa mla tambuu nao hautulii. Naye anacheua?"

Watu walicheka mpaka fundi akagonga mkasi. Elieshi hakutetereka. "Kitabu changu hakijafutwa hata neno moja," alisema. "Vyenu kila mwaka vinaandikwa upya. Leo hivi, kesho vile. Mtu ashike lipi?"

"Huo ndio uzuri wake," Tarsis alijibu, akasimama kabisa ili asikike hadi barabarani. "Sisi tukikosea, tunasema tumekosea. Wewe umewahi kumsikia nabii akisema, samahani jamani, pale niliandika vibaya?"

Maneno hayo yalipigiwa makofi. Tarsis aliyapenda mno, akawa anayarudia kila Jumamosi kama mtu aliyeshona suti moja.

Ikakubaliwa sungura anunuliwe. Akawekwa kwenye sanduku la sabuni kando ya cherehani, na kwa wiki tatu waumini na wakanushaji walipokezana kumchungulia mdomo. Hakuna aliyeridhika. Mwisho Tarsis akatoa shauri: mnyama anayecheua, mathalani ng'ombe, tumbo lake lina vyumba vinne. Basi achinjwe sungura, tumbo lipasuliwe mbele ya watu wote. Elieshi alikubali. Ikapangwa Jumamosi ya katikati ya Februari, saa saba kamili.

Sasa tazama yaliyotokea asubuhi ya Jumamosi hiyohiyo.

Euphrasia alikuwa akikohoa tangu Krismasi. Tarsis alimsihi Elieshi wiki nzima ampelekee makohozi ya mkewe apime kifua kikuu, na Elieshi, baada ya kumwomba Mungu siku saba, alikubali. Kikopo kililetwa. Tarsis alipaka makohozi kwenye kipande cha kioo, akakitia dawa nyekundu na dawa ya buluu kama alivyofundishwa. Kwa dawa hizo vijidudu vya kifua kikuu huonekana kama vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Lakini darubini haikuonyeshi kioo chote kwa mara moja. Unaona duara dogo tu, ambalo wapimaji waliliita kiwanja, kisha unasogeza kioo uone jingine. Na sheria ya kazi ilikuwa moja: usiandike "Hakuna" kabla hujaangalia viwanja mia. Ukiona kijiti kwenye cha kwanza, andika upesi. Usipoona, endelea mpaka mia, hata macho yatoke machozi.

Kioo cha Euphrasia kilikuwa cha mwisho siku hiyo. Tarsis alipofika kiwanja cha ishirini na mbili, saa ya ukutani ilisema saa sita na nusu. Sungura alikuwa akimngoja, na watu walikuwa wakimngoja. Alikwisha panga hata namna atakavyolishika lile tumbo na kulinyanyua. Viwanja ishirini na viwili vyote vilikuwa safi, buluu tupu, na Euphrasia alikuwa mwanamke wa kupika, kucheka na kubeba ndoo mbili za maji. Atakuwa na nini? Tarsis aliandika daftarini: "Hakuna. Viwanja 100." Akaandika vivyo hivyo kwenye karatasi, akaitia mfukoni, akatoka mbio.

Fundi Bakili alichinja kwa bismillahi ili kila mtu apate kula. Tarsis alipasua. Tumbo lilikuwa moja, lenye chumba kimoja, wala halikuhitaji mtaalamu kulihesabu. Watu walipiga kelele za kumnyanyua mtu. Elieshi alisimama ameinamisha kichwa, na hapo Tarsis, aliyekuwa amelewa ushindi, akatoa ile karatasi mbele ya kadamnasi.

"Usihuzunike, shemeji. Sayansi imekunyang'anya sungura, imekupa mke. Soma."

Elieshi alisoma, akalia hadharani bila aibu. Alimkumbatia Tarsis, ambaye mikono yake bado ilikuwa na damu ya sungura. "Mungu amenijibu kwa mkono wa asiyemjua," alisema. Hata hilo Tarsis alilichekea.

Machi ikapita, na Aprili. Jumapili moja Tarsis alifika Ilala akakuta mtori umepikwa na mpangaji wao, Candida, mama wa Kimakua kutoka Masasi aliyekuwa akiuza vitumbua. Euphrasia alikuwa amekaa kwenye mkeka na kanga mbili mabegani, katika joto lile la Dar es Salaam. Mifupa ya shingo ilikuwa imemtoka. Alikohoa, akageukia ukutani kutema.

"Mrudishe hospitali," Tarsis alisema.

Elieshi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nikafanye nini? Karatasi imesema hakuna. Wewe mwenyewe umeniambia mtu husema hivi na vile, lakini darubini haina upendeleo. Hii ni baridi ya masika tu. Nimekuwa mtu wa sayansi siku hizi, shemeji, usinirudishe nyuma."

Tarsis aliweka bakuli la mtori chini.

Jumatatu, wenzake walipokwenda kunywa chai, alifungua sanduku la vioo. Hospitali ilivihifadhi kwa miezi sita, ili daktari apitie vichache akague kazi. Alikipata kioo cha Euphrasia, akakiweka chini ya darubini, akaanza upya. Ishirini na mbili, buluu. Ishirini na tano, buluu. Kwenye kiwanja cha thelathini na moja vilikuwapo, kana kwamba mtu amevipanga vimngoje: vijiti viwili vyekundu, kimoja juu ya kingine. Cha thelathini na nne kilikuwa na vitano. Darubini haikuwa imesema uongo. Ilikuwa haijamaliza kusema, naye akainuka akaenda kula sungura.

Alijua la kufanya. Kulikuwa na maneno yake mwenyewe, yale yaliyopigiwa makofi. Lakini ulimi ni mwepesi mchana wa Jumamosi, na kazi ya hospitali ilikuwa ngumu kuipata. Akatafuta njia ya katikati, kama watafutavyo waoga wote. Alimwambia Elieshi kwamba hospitali inawapima upya watu wote wa Februari. Kikopo kikaletwa, vijiti vikaonekana kwenye kiwanja cha kwanza, na Euphrasia akalazwa siku ileile akaanza sindano. Daktari alisema pafu la kushoto limeharibika sana. Lingekuwa jambo jepesi kama angeletwa miezi mitatu kabla.

"Sasa ugonjwa umetoka wapi?" Elieshi aliuliza kwenye ngazi za wodi. "Februari haukuwapo."

"Utakuwa umeingia karibuni," alisema Tarsis.

Ni maneno matatu tu. Lakini Elieshi alikuwa amekaa barazani miaka miwili akisikiliza jinsi mtu wa sayansi anavyofikiri, na alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko Tarsis alivyodhani. Februari haukuwapo, Mei upo. Basi kuna aliyeuleta kati ya Februari na Mei. Nani alihamia nyumbani mwezi Machi? Candida. Nani hukohoa alfajiri akipepea mkaa wa vitumbua? Candida. Kila jambo lina chanzo chake, si ndivyo? Akampa siku moja aondoke.

Tarsis alikuwapo siku hiyo. Alikuja kumletea Elieshi habari za wodini, akamkuta Candida anatoa vyombo. Majirani walimtazama kutoka mbali, wameziba pua kwa kanga. Hakuna aliyemsaidia, basi Tarsis akamsaidia. Alimbebea kikaango cha vitumbua, kinu na magunia mawili ya mkaa hadi kwenye mkokoteni uliokuwa ukimngoja kumpeleka Buguruni. Kila chombo alichopakia alisema moyoni kwamba sasa atasema. Vyombo vikaisha. Candida alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wengine wameniona uchafu, wewe umenibebea," alisema. "Nitakuombea kwa Mungu kila siku, kaka yangu. Kila siku nitakutaja."

Tarsis alisema asante. Angeweza kusema lolote duniani, akasema asante.

Kwa wiki tatu hakuonekana barazani. Watu walidhani anamuuguza dada yake, wakamsifu. Kila alipopita mtu akimsifu, alivuka barabara. Utotoni, alipoiba ndizi, alikwenda kwenye kile kisanduku cha kuungamia kwa padri, akanong'ona kwenye matundu, akatoka mwepesi. Sasa hakuwa na pa kunong'ona. Alikuwa amepabomoa mwenyewe, kwa hoja nzuri kabisa, na hoja hizo bado aliziona ni za kweli.

Aliyemmaliza ni Euphrasia. Ijumaa moja, akiwa amelala kwa ubavu kitandani, alimwambia polepole, "Candida alinipikia uji kila nilipokuwa siwezi kuamka. Alikuja nami nakohoa tayari, Tarsis. Isije ikawa mimi ndiye niliyemwambukiza, nasi tumemfukuza. Eti wewe unayejua, inawezekana?"

Tarsis alisimama akatoka nje, akaegemea ukuta mpaka muuguzi akamuuliza kama anaumwa.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa daktari na kile kioo, akaeleza. Daktari alikitazama mwenyewe, akafunga daftari, akamwambia kuanzia Jumatatu ataosha chupa, na ashukuru kwamba hakufukuzwa. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja Mtaa wa Nyamwezi. Watu walimshangilia. Elieshi alikuwa amekwisha kaa mahali pake.

"Sikuangalia viwanja mia," alisema Tarsis kabla hajakaa. "Siku ya sungura. Niliangalia ishirini na viwili, nikaandika mia. Ugonjwa ulikuwapo Februari. Candida hakuleta chochote."

Watu walianza kupayuka, na fundi Bakili alisahau kugonga mkasi. Wakanyamaza wenyewe.

"Kwa nini hukumaliza?" Elieshi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niliogopa kuchelewa huku."

Elieshi alitazama lile sanduku la sabuni, ambalo sasa fundi alitilia vipande vya vitambaa. "Mimi nikikosa nina pa kwenda," alisema hatimaye. "Wewe unakwenda wapi?"

"Nimekuja hapa."

"Hapa hakuna wa kukusamehe. Mimi leo siwezi. Nikisema naweza, nitakuwa nimesema uongo, na uongo umetutosha." Aliinuka, akaiacha Biblia yake kwenye kiti. "Twende Buguruni. Mimi nina dhambi yangu huko, na wewe una yako."

Walikwenda kwa miguu. Candida walimkuta nje ya chumba cha udongo, amejikunyata mbele ya kikaango, na hakohoi. Elieshi alipiga magoti mchangani na suruali yake ya ukarani, akaomba radhi, akaeleza yote. Candida alimsikiliza hadi mwisho akamwinua. "Wewe ulidanganywa, baba," alisema. "Mwambie Euphrasia nitakuja kumwona."

Kisha akamgeukia Tarsis.

"Siku ile unanibebea vyombo, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Candida alipindua kitumbua, akapindua na kingine. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimekutaja kwa Mungu kila siku tangu siku ile," alisema. "Asubuhi na jioni. Kuanzia leo sikutaji tena."

Tarsis alikuwa amesema kwa miaka miwili, mbele ya watu, kwamba huko juu hakuna anayesikiliza. Bado aliamini hivyo. Hata hivyo alisimama pale na mikono yake mitupu, akitaka kumsihi mwanamke huyo asiache. Elieshi alimshika kiwiko, wakaanza kurudi.