Sauti Iliyotoka Birikani

Vijana wanaokuja dukani kwangu Ndia Kuu kutengenezewa redio huniuliza swali moja. Ule wimbo wa mwisho kwenye kanda ya "Birika", ile sauti inayozama, ikazama, halafu ikarudi juu kubwa kuliko mwanzo, mliipata kwa mashine gani? Mimi huwajibu kwamba hiyo ni siri ya kazi, nao hucheka wakaondoka wamefurahi. Wapumbavu. Na mimi ni mpumbavu kuwashinda, maana siku nyingine sifa hizo hunikolea.

Tulikuwa watatu, bendi iliyoitwa Popo wa Tononoka. Ngowa aliimba, Shukri alipiga ngoma, mimi Arsalan nilipiga gitaa na kurekodi. Muziki wetu ulikuwa ile roki ambayo wazungu huiita saikedelia: gitaa linalolia kama liko nyumba ya tatu, mwangwi juu ya mwangwi, wimbo mmoja dakika kumi na moja. Mombasa ya taarabu na chakacha ilituona wendawazimu. Kanda zetu mbili za kwanza zilinunuliwa na jamaa zetu tu, tena kwa kutuonea huruma.

Mwaka wa tisini na sita Ngowa akagundua birika. Chini ya ua wa nyumba ya bibi yangu Amtulla, ambaye sote tulimwita Dadi, kulikuwa na shimo kubwa la mawe na chokaa, lililojengwa zamani kuhifadhi maji ya mvua. Lilikuwa limekauka miaka mingi. Ngowa alishuka kwa ngazi kumtoa paka wa Dadi, akamwita, na sauti yake ikamrudia mara sita.

"Arsalan!" akapiga kelele kutoka huko chini. "Tumepata studio, yakhe!"

Basi ikawa studio. Mimi na mashine yangu tulikaa chumba cha juu, madirisha yakitazama barabarani. Waya wa maikrofoni uliteremka hadi birikani, na huko Ngowa aliimba peke yake kwa mwanga wa tochi, hedifoni masikioni, akisikia ngoma tulizokwisha kurekodi. Tulifanya kazi baina ya Adhuhuri na Alasiri tu, kwa sababu adhana ilikuwa ikiingia kwenye maikrofoni, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuitia adhana ndani ya roki. Nyimbo saba zilikamilika hivyo. Nilipozisikiliza nilijua kwamba safari hii hatutaonewa huruma na mtu.

Siku ya wimbo wa nane stima ilikatika. Noormohamed, mwenye duka la kanda huko Bondeni, alikuwa ameahidi kuitoa albamu tukimfikishia kabla ya Ramadhani, na siku zilikuwa zimetuishia. Tukaazima jenereta. Nilitaka kuiweka barabarani, majirani wakakataa. Nikaiweka uani, Dadi akatoka na kidole juu.

"We Arsalan! Moshi huo usinichafulie nguo zangu za Ijumaa!"

Kamba nzima ilikuwa imejaa nguo nyeupe. Nikaigeuza jenereta, mdomo wa moshi ukaelekea ukutani, penye tundu la mfereji unaoteremsha maji ya mvua birikani. Nilijiona nina akili sana. Kisha, ili ngurumo isiingie kwenye maikrofoni, tukaufunika mdomo wa birika kwa mbao na magodoro mawili, Ngowa akiwa ndani. Nguo za Dadi hazikupata hata doa.

Ngowa aliimba mara mbili. Baada ya mara ya pili nikamsikia akivuta pumzi.

"Kitwa chaniuma, Arsalan. Hewa ya huku tini nzito leo."

"Mara moja tu, ndugu yangu," nikamjibu. "Alasiri i karibu. Ukitoka utakunywa madafu."

"Haya."

Hiyo ndiyo mara ile ambayo dunia inaijua. Kwa dakika saba aliimba kama kawaida yake. Kisha akaanza kubaki nyuma ya ngoma. Maneno yakalegea. Akashika noti moja akaivuta, akaivuta, ikawa ndogo. Moyo ulinienda mbio, na nitasema kweli, haikuwa hofu, ilikuwa furaha. Niliona amefika pale tulipokuwa tukipatafuta miaka minne. Sauti ilipozama niliiongeza kwa mkono kwenye mashine. Ikazama tena, nikaongeza tena, mpaka pumzi zake zikanijaa masikioni. Maikrofoni ikaanguka kwa kishindo. Nami nikangoja kidogo, nikiuachia wimbo umalizike vizuri.

Tulipoondoa magodoro moshi wa jenereta ulitupanda usoni; Ngowa alikuwa amelala ubavu kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Shukri alizima jenereta, akashuka, akampandisha mgongoni. Hakuamka.

Polisi waliponiuliza nilikuwa wapi, nilisema nilikwenda kutawadha, nikaiacha mashine ikizunguka peke yake. Shukri alikuwa amesinzia kwenye kochi, hakuwa na la kunipinga. Uongo huo huo nikampelekea Nyevu, dada yake Ngowa, aliyemlea tangu mama yao afe. Akanishika mikono yote miwili.

"Usijitese," akaniambia. "Najua ungelikuwa wamsikia, ungelimtoa."

Nikaitikia kwa kichwa. Mpaka leo kitendo hicho kinanichukiza kuliko uongo wenyewe.

Kanda ilitoka na ikavuma. Redio ziliipiga hadi Dar es Salaam, barua zikaja kutoka Ujerumani. Kwenye jalada tuliandika tu kwamba Ngowa alifariki baada ya kurekodi. Nyevu hakuwahi kuisikiliza. Kila ilipopigwa dukani aliacha alichokuwa akinunua akatoka.

Jumatatu iliyopita, miaka mitatu baadaye, aliingia dukani kwangu asubuhi, nyuzi za sare za shule anazoshona zikiwa zimemganda kwenye leso.

"Wanangu waniuliza mjomba wao alikuwa yuwaimbaje," akasema. "Nimechoka kuwakimbia. Nipigie ule wa mwisho."

"Ule wa kwanza ni mzuri zaidi, dada Nyevu."

"Wa mwisho, Arsalan."

Nikamwekea. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Dakika za mwanzo hata alitabasamu. Sauti ilipoanza kuzama akafumba macho. Iliporudi juu akayafumbua.

"Zima."

Nikazima.

"Alikuwa yuwafifia," akasema polepole. "Kisha akawa mkubwa. Lakini hakutia nguvu, pumzi ni zile zile. Mimi nimemlaza miaka, pumzi zake nazijua. Nani aliyempandisha?"

Ningeweza kusema ni mashine. Hajui mashine, angekubali, na angenishika mikono tena. Hilo la mikono ndilo lililonishinda.

"Mimi."

"Papo hapo? Yuwaimba?"

"Papo hapo."

Akautazama mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya redio.

"Basi ulikuwa wamsikia."

"Nilikuwa nikimsikia."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Yeye akafunga mkoba wake vizuri.

"Rudisha," akasema. "Pale alipokuwa mdogo, kabla hujamgusa."

Nikarudisha, nikabonyeza. Ngowa akaanza kuzama.

"Sasa mpunguze. Mwache aende alivyokuwa akienda."

Nikapunguza. Sauti ilipotaka kupanda niliishusha, ikapanda nikaishusha, mpaka duka likawa kimya. Kanda iliendelea kuzunguka bila sauti. Nyevu aliitazama mpaka ikasimama yenyewe, kisha akainuka akatoka bila kuniaga.